Kayaki, SUP au mtumbwi? Ununue kipi kwanza ukiwa ndo unaanza kupiga kafi

Kila likizo ikikaribia naulizwa swali lile lile, kaka nataka kuanza kupiga kafi ninunue nini, na muulizaji ameshatuma picha kabisa ya kitu alichokiona mtandaoni, kirefu, chembamba, kinang'aa, wakati yeye anakaa apatimenti ghorofa ya tatu na gari yake ni Vitz. Mimi huwa narudisha maswali matatu kabla hatujafika kwenye bei. Kitalala wapi? Kitafikaje majini? Na hayo maji yenyewe ni yapi? Kwa sababu vile vyombo unavyoviona vimeegeshwa nyuma ya nyumba za watu vinakula vumbi sio kwamba ni vibovu, vingi ni vizuri sana, ila kukitoa tu kunahitaji watu wanne na keria ya kuazima, na chombo kinachokusumbua kukibeba utakitumia mwezi wa kwanza basi, baada ya hapo kila Jumamosi utakuwa na sababu. Kwa hiyo orodha nimeipanga kwa kipimo hicho, namba 1 ndo ile ambayo mtu anayeanza ataingia nayo majini mara nyingi zaidi na akarudi salama, sio yenye spidi kubwa wala inayopendeza kwenye picha. Naongea zaidi na watu wa Dar, Tanga, Zanzibar, Mombasa, Kilifi na huko, wa ziwani na wa Nairobi nitawagusa njiani.

Jaketi kwanza, chombo baadaye

Hapa simbembelezi mtu. Kabla hujalipia chombo chochote nunua jaketi la kuokolea, lako mwenyewe, la saizi yako. Wengi wetu tumekulia kando ya bahari na kuogelea bado hatujui, na hata anayejua, akichoka au akikazwa na misuli au akigongwa kichwa na chombo chake anakuwa sawa na asiyejua.

Ndani ya jaketi kuna lebo, tafuta namba ya newtoni. 50N maana yake linakunyanyua kwa nguvu ya kama kilo 5 hivi, hilo ndo wanavaa wapiga kafi wengi kwa sababu limekatwa wazi kwapani na mikono inacheza, lakini limetengenezwa kwa mtu anayejua kuogelea. 100N lina kola nyuma ya shingo na limetengenezwa likusaidie kugeuka uso uangalie juu kwenye maji yaliyotulia. Kama kuogelea kwako ni kwa kubahatisha, au unanunulia mtoto, chukua 100N hata kama linakera kidogo begani. La mtoto liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu, bila huo mkanda jaketi linapanda mpaka masikioni na mtoto anabaki chini. Jaribio la dukani ni rahisi, vaa, funga vifungo vyote, mwambie mtu alishike mabegani alivute juu kwa nguvu, likifika kwenye pua ni kubwa, rudisha. Na yale ya bei ya chee yasiyo na lebo yoyote, ukibonyeza sponji linabaki limebonyea, hayo yaache hapo hapo.

Alafu kodisha kabla ya kununua. Diani, Watamu, Kilifi, Paje, Nungwi, kayaki na SUP, yani ubao wa kusimama unaopigwa kafi, zinakodishwa, na hoteli nyingi za ufukweni zinazo. Kodi kayaki saa moja, siku nyingine kodi SUP saa moja, mwili wako utakwambia mambo ambayo video haziwezi kukwambia. Kuna watu magoti na mgongo havikubali kabisa kukaa umenyoosha miguu mbele, hao kayaki itawatesa, na kuna watu hawana raha kusimama juu ya kitu kinachotikisika, na wote wawili wako sawa.

Namba 1: kayaki ya plastiki ngumu ya kukalia juu, ya mtu mmoja

Hii ndo ningemwambia mdogo wangu anunue kama ana pa kuiweka chini, uani, kwenye varanda, au ana mtu ufukweni wa kumwekea. Unakaa juu yake, huingii ndani, na ina matundu yanayopita mpaka chini kwa hiyo maji yakiingia yanatoka yenyewe. Ikipinduka haijai maji. Unaigeuza, unalala kifudifudi juu yake, unajizungusha ukae, unaendelea. Kwa mtu anayeanza hiyo ni tofauti kubwa mno, kwa sababu kupinduka utapinduka, na siku ya kwanza kabisa unatakiwa upinduke kwa makusudi kwenye maji ya kifuani ukiwa na mwenzako pembeni, urudie kupanda mpaka uwe huhangaiki.

Tafuta yenye urefu wa kati ya mita 2.7 na 3.3 hivi, upana sentimita 70 mpaka 80. Fupi na pana inatulia ila inayumba pua kila ukipiga kafi, ndefu kidogo inanyooka. Uzito wake unacheza kilo 20 mpaka 28, na hapo kuwa mkweli na nafsi yako, je unaweza kuinyanyua peke yako mpaka juu ya gari? Kama huwezi, nunua na kigari chake cha magurudumu mawili, ila magurudumu yawe mapana ya mpira laini maana membamba yanazama kwenye mchanga wetu. Bila keria, kirikuu, ile pikapu ndogo, ya kukodi inatosha kabisa, na ukiilaza kwa urefu kwenye bodi na kuifunga kwa mikanda miwili haitaki maajabu.

Angalia na uwezo wake wa kubeba, ile namba ya kilo wanayoandika ni wewe pamoja na maji ya kunywa na boksi la samaki na kila kitu, na sio namba ya kuifikia, ukikaribia mwisho wake kayaki inakaa chini, maji yanapanda kupitia matundu unakaa umelowa muda wote na inakuwa nzito kama gogo. Mtu wa kilo 85 asinunue ya kilo 100. Atafute ya 120 na kuendelea.

Kwa nini plastiki? Kwa sababu fukwe zetu zina miamba, matumbawe, chaza, na utaiburuza tu hata uape vipi. Plastiki inachunika haivunjiki. Shida yake ni jua, ikikaa nje mwaka mzima inapauka na kuwa kavu mpaka inapasuka ikigongwa, kwa hiyo kivuli, au turubai, na ilazwe kifudifudi au kwa ubavu, isininginizwe kwa vishikio vyake miezi na miezi. Ikipasuka usihangaike na gundi, haishiki kwenye plastiki ya aina ile, nenda kwa wale mafundi wanaochomea bampa za magari, wanaunganisha kwa joto na kipande cha plastiki ya aina hiyo hiyo. Kiti chenye mgongo mara nyingi kinauzwa pembeni, nunua. Bila kiti mgongo unauma ndani ya nusu saa na utaichukia kayaki bure.

Zinazotoka Afrika Kusini kama Fluid na Vagabond ni za kuaminika, za Ocean Kayak za Marekani nazo zimekuwa kwenye mahoteli miaka nenda rudi na bado zinaelea. Lakini usikwame kwenye jina, ukiona isiyo na jina ya plastiki nene, haina bonde wala ufa, ina kofia ya tundu la kumwagia maji, ichukue.

Namba 2: SUP ya kujaza upepo

SUP yani ule ubao mpana unasimama juu yake na kafi refu la upande mmoja. Kwa watu wa maghorofani hii inapanda namba 1 bila ubishi, inakunjwa inaingia kwenye begi la mgongoni, ubao wenyewe kilo 8 mpaka 12, na pampu na kafi unaongeza kidogo, unapanda nayo bajaji, unapanda nayo kivuko cha Kigamboni, unaweka chini ya kitanda.

Saizi ya kuanzia ambayo inamfaa mtu mzima wa kawaida ni futi 10 na inchi 6 urefu, inchi 32 upana, inchi 6 unene. Unene ndo watu hawaangalii. Zipo za inchi 4 za bei nafuu, mtu mzima akisimama inapinda katikati, inakuwa kazi ngumu tupu. Ndani ya ubao mzuri kuna maelfu ya nyuzi zinazounganisha ngozi ya juu na ya chini, ndo maana inaweza kujazwa PSI (kipimo cha shinikizo la upepo) 12 mpaka 15 ikawa ngumu kabisa ukigonga unasikia. Muuzaji akikwambia PSI 6 au 7 inatosha jua nyuzi zenyewe hazipo au hazina nguvu, hicho ni kifaa cha kuchezea kwenye bwawa.

Jua letu ni adui wake. Hewa ikipata joto inatanuka, ubao uliojazwa mpaka mwisho ukiachwa mchangani saa 7 mchana unaweza ukaachia kwenye viungio, kwa hiyo ukitoka majini fungua valvu punguza kidogo, au weka kivulini, na kamwe usiuache ndani ya gari iliyofungwa ukiwa umejaa. Na wewe wa Nairobi unayeshuka Mombasa, usiujaze nyumbani ukaufunga juu ya gari, Nairobi iko juu mita kama 1,700 na hewa ya kule ni nyepesi, ukifika usawa wa bahari shinikizo linakuwa limepungua karibu PSI 3 na ubao umelegea. Safari ya kurudi ni hatari zaidi maana linapanda. Toa upepo, kunja, jaza ukifika.

Pampu ya mkono inatoa jasho hasa pale mwishoni, kuanzia PSI 10 unasukuma kwa uzito wa mwili mzima. Kama una gari, pampu ndogo ya umeme ya volti 12 ndo hela ambayo hutaijutia. Pezi kubwa la katikati la inchi 9 ni zuri kwenye maji marefu, lakini kwa fukwe kama Paje au Jambiani ambako maji yakipwa unatembea mbali kabisa na maji ya magotini, pezi hilo litagonga mchanga na kukurusha mbele, ulizia ubao wenye mapezi mafupi ya mpira. Na huko huko kuwa na heshima na mashamba ya mwani, zile kamba na vigingi ni kazi ya akina mama, usipite juu yake.

Sasa kwa nini sio namba 1 kwa kila mtu, wakati ni nyepesi na bei mara nyingi inalingana? Upepo. Ukisimama wewe ndo tanga. Kayaki imekaa chini, upepo unapita juu yako, SUP inakamata kila kitu. Na upepo wetu una ratiba ambayo wazee wa pwani wanaijua na sisi tunatakiwa tuijue kabla ya kutoa hela. Kaskazi inavuma kama kuanzia Desemba mpaka Machi, kusi inashika kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba au Oktoba na ndo yenye nguvu zaidi, katikati kuna kipindi cha maleleji ambapo bahari inatulia na ndo msimu wa raha. Asubuhi mapema kuna umande unatoka nchi kavu, mwepesi, maji yanakuwa laini kabisa, ndo muda wa kujifunza, ila kumbuka umande unasukuma kwenda nje. Hatari yenyewe kubwa ni kusi upande wa magharibi wa Unguja, kuanzia Mji kwenda juu mpaka Nungwi. Unasimama ufukweni unaona maji shwari kwa sababu nchi imekukinga, unatoka mita mia tatu nne upepo unakushika mgongoni unakusukuma mkondoni, ukigeuka kurudi huwezi. Ikikutokea usibaki umesimama, piga magoti au lala kifudifudi upige kwa mikono, na usiuachie ubao, ubao ni boya lako.

Ndo maana kamba ya mguuni sio pambo. Ukianguka na upepo upo, ubao unakimbia kuliko unavyoogelea. Nunua nzito ya kujisokota, funga kila siku hata kama maji ni kioo. Isipokuwa kwenye mto wenye mkondo, huko kamba ya kifundo cha mguu inaweza ikanasa kwenye mti chini ya maji na ikakushikilia humo, mtoni watu wanatumia ya kiunoni yenye kifungo cha kuchomoa kwa mkono mmoja.

Bei zake zimeachana mno. Zile za majina makubwa kama Red Paddle Co zinacheza karibu na pauni 1,000, na nyingine za kawaida ni sehemu ndogo ya hapo. Anayeanza haitaji ya juu kabisa. Anahitaji inchi 6, PSI 15, viungio viwe vimegundishwa kwa utepe wa juu sio tabaka moja tu, na pete ya kufungia kamba iwe imara.

Namba 3: kayaki ya watu wawili

Ile ile ya plastiki, ndefu, mita 3.7 mpaka 4. Ni nzuri sana kwa mzazi na mtoto, na kwa mwanafunzi na mwenye uzoefu. Nimeiweka namba 3 kwa sababu nyingi zinavuka kilo 30, peke yako hubebi, na ukiwa majini peke yako umekaa nyuma pua inanyanyuka upepo unakuzungusha. Kama unaitaka, chukua yenye kiti cha tatu katikati, kama Malibu Two ya Ocean Kayak, ukiwa mwenyewe unakaa katikati na inanyooka. Wanandoa nawashauri muikodi kwanza mchana mzima, mjue nani anakaa nyuma maana wa nyuma ndo anaongoza na wa mbele ndo anaweka mwendo.

Namba 4: mtumbwi, wa mbao au wa faiba

Huu naupenda kuliko nafasi niliyoupa. Tuna mafundi wanaochonga mtumbwi wa mwembe mpaka leo, na kwenye mikoko hakuna chombo kinachopita kwa utulivu kama huo, unakaa juu kidogo, unaona ndege, unaona kaa, hausikiki. Mida Creek, Mtwapa, Kilifi, Tudor, mito ya mikoko ya Tanga na Rufiji, ndo kwake. Kuagiza kwa fundi unampa kipimo chako mwenyewe, na hela inabaki kijijini.

Lakini ujue unachonunua. Ni mzito, hauendi juu ya gari yako, unalala ufukweni kwa hiyo unahitaji mlinzi na unahitaji kukubalika na wenyeji wa diko lile. Nenda kwanza ukawasalimie viongozi wa BMU, kile kikundi cha wenyeji kinachosimamia ufukwe na uvuvi, jieleze, watakuonyesha pa kuuweka na mtu wa kuuangalia, ukifanya hivyo hata siku umechelewa kurudi kuna macho yanayokutafuta. Na mbao inataka kutunzwa, kwenye maji ya chumvi kuna wadudu wanaotoboa, mtumbwi unavutwa juu, unakaushwa, unachomwa kwa makuti chini, unapakwa deheni, yani mafuta ya kulinda mbao, nyufa zinapigwa kalafati, yani zinazibwa kwa pamba. Ukiwa mtu wa kwenda wikendi moja moja utamlipa mtu afanye, iweke kwenye hesabu. Na ukijaa maji mtumbwi hautoi maji wenyewe, lazima uwe na kata ya kumwagia, na kuupanda tena katikati ya bahari ni kazi ya watu wawili wenye mazoezi. Marengu, yale mabawa ya pembeni kama ya ngalawa, yanasaidia utulivu ila kwenye mikoko yanakwama.

Wa faiba ni mwepesi na hauliwi na wadudu, fundi wa boti anaweza kukutengenezea, muulize ataweka wapi povu au vyumba vya hewa vya kuuelesha ukijaa, kama hana jibu la haraka tafuta fundi mwingine. Faiba pia inavunjika ikigonga jiwe, ingawa kuiziba ni rahisi kuliko plastiki.

Namba 5: kayaki ya kujaza, ile nzuri

Zipo za sakafu ya shinikizo kubwa, nyuzi ndani kama SUP, hizo ni chombo kamili. Itiwit za Decathlon wanazo. Tatizo ni kukausha, zina mikunjo mingi, ukiikunja na maji ya chumvi na mchanga inanuka na inajikwangua yenyewe. Mtu wa ghorofani anayetaka kukaa badala ya kusimama hii ndo yake, lakini ujipe nusu saa ya kuikausha kila ukitoka.

Namba 6 na 7

Kayaki ya bahari ya kukaa ndani, ile ndefu nyembamba yenye kifuniko cha kiunoni, nimeiweka namba 6. Inakimbia vizuri, inabeba mizigo ya kulala visiwani, lakini ikipinduka unahitaji ufundi wa kujitoa, kuitoa maji na kuipanda, na huo ufundi haupatikani kwa kusoma. Mwaka wa pili. Namba 7 ni SUP ngumu ya faiba, inateleza vizuri mno kuliko ya upepo lakini bei, kubeba, kuweka, na ikigonga mwamba mmoja wa Kunduchi umeshaanza kutafuta resini.

Na zile kayaki za vinaili kama Intex Explorer K2 na Challenger sijazipa namba. Kwenye bwawa la kuogelea au maji ya magotini na watoto mkiwa mmewashika, sawa. Baharini hapana. Ni nyepesi, zimekaa juu, upepo unazichukua kirahisi, na chaza mmoja anatosha.

Kafi

Watu wanamaliza hela kwenye chombo alafu kafi wanachukua la bure lililokuja nalo. Kafi ndo unalonyanyua mara elfu kwa saa. La kayaki ya kukalia juu kwa kuwa ni pana chukua la sentimita 220 mpaka 240, mtu mrefu au kayaki pana zaidi ndo 240. Mpini wa alumini ni wa bei nafuu lakini chumvi inaugandisha pale linapoungana, ukitoka majini litenganishe, lisuuze kwa maji yasiyo na chumvi, ukilisahau wiki mbili halitoki tena. Mpini wa faiba unaongeza hela kidogo na mkono unapumzika sana. Kaboni acha kwa sasa.

La SUP liwe la kurefusha na kufupisha, lizidi urefu wako kwa kama shibiri moja, sentimita 20 hivi. Na bapa lake limepinda kidogo, upindo unaelekea mbele, wanaoanza karibu wote wanalishika kinyume wakidhani lichote maji.

Ukishapata hivyo, ongeza filimbi ifungwe kwenye jaketi, mfuko wa simu usiopitisha maji ukae mwilini sio kwenye chombo, viatu vya majini kwa ajili ya urumba wenye miiba na chaza, shati la mikono mirefu, kofia yenye kamba. Mfuko wa simu uujaribu nyumbani na tishu ndani kabla hujaweka simu.

Maji yako yanabadilisha orodha

Kwenye pwani yetu maji ya bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yanaweza kupanda na kushuka karibu mita 4, na siku hizo kwa kawaida yanajaa mida ya saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, yanakupwa mida ya saa 4. Kwenye midomo ya mito ya bahari kama Mtwapa, Kilifi na Mida mkondo wa kupwa siku za bamvua ni mkali, SUP na kayaki ya mtu mmoja anayeanza havirudi. Panga uingie yakiwa yanajaa yakusukume ndani, urudi yakianza kutoka, na usisogelee mdomo. Siku za maji mafu ni za upole zaidi. Kama sehemu yako ni mto wa aina hiyo, kayaki inazidi kushika namba 1. Kama ni maji yaliyotulia ndani ya mwamba, Diani au Nyali asubuhi, SUP inasogea karibu yake.

Dar, ukivuka kwenda Mbudya au Bongoyo ujue ni maeneo tengefu tangu 1975, kuna kiingilio, na njiani kuna boti za mota, kwa hiyo nunua chombo cha rangi ya chungwa au njano. Bluu na kijani mwenye boti haoni. Watamu vile vile ni hifadhi ya bahari, toka 1968, lipia KWS, shirika la wanyamapori la Kenya.

Ziwa Victoria, radi na upepo wa ghafla, wakati wa mawingu mazito usitoke kabisa, na kuna kichocho kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, mamba na kiboko sehemu nyingine. Kiboko hapendi kitu kinachokuja kimya kimya kati yake na maji marefu, na Naivasha wamejaa. Huko uliza wavuvi kila siku unayotoka, sio siku ya kwanza tu.

Kununua mtumba

Kayaki iliyotumika ndo njia nzuri ya kuanzia kwa maoni yangu. Ukifika igeuze. Pitisha kidole ndani ya kila tundu la kupitishia maji, hapo ndo nyufa zinaanzia, hasa kama ilikuwa inabebwa kwenye kigari cha kuchomeka matunduni. Angalia nyuma chini pale inapoburuzwa, ukibonyeza kwa gumba ikaingia plastiki imeisha. Fungua kofia, mulika tochi ndani, maji ya chumvi yaliyokauka yanaacha unga mweupe, unga mwingi maana yake inaingiza. Kisha ielee, kaa nusu saa, toka, ifungue umwage, kikombe cha maji sawa, ndoo hapana.

SUP iliyotumika, ijaze mpaka PSI 14 jioni, iache kivulini mpaka asubuhi, pima tena. Ikishuka moja sio neno, ikishuka mpaka nusu ya ulivyojaza paka maji ya sabuni kwenye valvu na viungio uone povu linatokea wapi. Valvu inakazwa kwa spana yake na ni kazi ya dakika mbili, kiungio kinachoachia urefu wa mkono usinunue. Mpira wenyewe ukiwa unanata au umeweka mba nyeupe, jua limeshaumaliza.

Ukitaka kuagiza nje kupitia ndugu wa Dubai au Uingereza, SUP ya kukunja inapita kwenye kontena la mizigo ya watu bila shida, lakini kayaki ya mita 3 ni hewa tupu na mizigo ya melini inapimwa kwa ukubwa, usafiri na ushuru unaweza kukaribia bei ya kayaki yenyewe. Kwa hiyo ya plastiki itafute humu humu. Na ukipanga siku za mbele kubeba watu kwa hela, hapo sio hobi tena, kaongee na wasimamizi wa vyombo vya majini, TASAC kwa Tanzania bara, au ZMA ukiwa Zanzibar, au KMA kwa Kenya, kabla hujanunua, wakwambie wanataka chombo cha aina gani na vifaa gani.

Muda wa kutafuta ni Aprili na Mei, masika, hoteli nyingi za pwani zinafunga au zinakarabati na kayaki za zamani zinatolewa stoo kupisha mpya. Nenda mwenyewe asubuhi, omba kuonana na mtu wa michezo ya majini, uliza kama kuna zinazotoka, beba tochi na mikanda, lipa baada ya kuielesha, na dai risiti yenye jina la hoteli ili huko njiani na kirikuu usisumbuliwe umeitoa wapi.